Mwasumini wa majani mengi na maua haba

Malalamiko ya wanaopanda asumini nyumbani karibu yote ni ya aina moja. Mti umeshika vizuri, umetambaa hadi juu ya ukuta, majani yanang'aa, lakini jioni ukitoka na kikapu unarudi na maua matatu manne yasiyotosha hata kikuba kimoja, kile kishada cha maua ya kunukia cha kujipamba. Basi mwenye mti huongeza maji, huongeza samadi ya kuku, na huwakataza watoto wasiuguse ili upate nguvu. Mti unazidi kunawiri, maua yanazidi kuadimika.

Hapo hakuna kijicho wala mkosi. Maji mengi, samadi kali na kuachwa bila kuguswa ni mambo matatu yanayoufanya mwasumini uote majani na usahau maua. Utunzaji wake wote umesimama juu ya jambo moja: ua hutoka kwenye chipukizi jipya. Tawi la zamani, hata liwe nene namna gani, halichanui. Kazi yake ni kubeba machipukizi. Ukilishika hilo, mengine yote, yaani kisu, jua, mbolea na maji, utajua uyaweke wapi.

Tunazungumzia asumini ipi

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, mimea kadhaa yenye maua meupe yanayonukia huuzwa kwa jina la jasmini, na mtu anaweza kutunza mti mwaka mzima kwa maelekezo ya mti mwingine. Asumini ya vikuba na makoja, ile inayotungwa Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Unguja pamoja na mrehani, waridi na mkadi, ni Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini na ni wa ukoo mmoja na mzeituni. Watu wameusafirisha baharini karne nyingi, hata Ufilipino wakaufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia wakauingiza kwenye maua yao matatu ya taifa mwaka 1990. Jani lake ni moja, pana, halikugawanyika, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti, mara chache matatu. Hiyo jozi ya majani ikumbuke, tutairudia tukifika kwenye kisu.

Ukiona vijani vidogo vingi kwenye kikonyo kimoja, na baada ya maua kunatoka vitunda vyekundu, huo ni Murraya paniculata, jamaa wa mlimau, mzuri sana kwa kuzungushia nyumba lakini si asumini. Ukiona maua membamba kama mirija, ya kijani kilichopauka, yanayonukia usiku hadi kichwa kiume, huo ni Cestrum nocturnum kutoka Amerika ya kitropiki. Matunda yake ni sumu, na penye watoto wadogo mimi nisingeupanda. Jasmini yenye majani yaliyogawanyika ni binamu wa kweli wa asumini, ila ana tabia zake na si wote wanaopogolewa kwa njia moja.

Ndani ya Jasminum sambac yenyewe pia kuna aina. Ipo ya tabaka moja ya petali, nyepesi, inayochanua kwa wingi. Ipo ya tabaka mbili. Halafu ipo ile nzito inayoitwa Grand Duke of Tuscany, ambayo ua lake limejaa kama kiwaridi kidogo. Hiyo ya mwisho inapendeza machoni, lakini hukua polepole na hutoa maua machache kuliko wenzake. Anayetaka maua ya kutunga kila jioni apande ya tabaka moja au mbili, na hiyo nzito aiweke kwenye chungu kama pambo.

Kisu ndicho kinacholeta maua

Liangalie chipukizi moja kwa karibu. Linakua, linaweka jozi za majani, kisha linafika mwisho na kutoa kishada cha matumba, mara nyingi matatu. Tumba la kati ni kubwa na ndilo linalotangulia kuchanua. Mawili ya ubavuni hufuata. Baada ya hapo kijiti hakina pa kwenda, maana ncha yake imekwisha kugeuka ua. Kikitaka kuendelea ni lazima kianzie chini, kwenye makwapa ya majani, ambako kuna macho yaliyolala, yaani vichipukizi ambavyo bado havijaamka.

Ncha ya tawi linalokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoshuka chini na kuyazuia macho ya makwapani yasiamke. Ndiyo maana mwasumini usiokatwa hurefuka badala ya kutanuka: fimbo moja ndefu inakimbilia juani, na chini yake macho kumi yamelala. Ukiikata ncha, zuio limeondoka. Na kwa kuwa majani yamekaa jozi jozi, ukikata juu kidogo ya jozi unaamsha macho mawili kwa mpigo. Palipokuwa na kijiti kimoja chenye matumba matatu panakuwa na viwili vyenye sita. Vikishachanua, vikate hivyo hivyo, vinakuwa vinne. Hakuna mbolea duniani inayofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo kuna kukata kwa namna mbili. Ya kwanza ni ndogo na ya mara kwa mara: kila kishada kikimaliza kuchanua, kiondoe pamoja na jozi moja au mbili za majani zilizo chini yake. Kucha zinatosha, au mkasi mdogo. Wanaochuma matumba kwa ajili ya vikuba wako karibu sana na jambo hili bila kujua. Wakichuma tumba peke yake wanaacha kijiti kilichokwisha kazi, na wangeongeza hatua moja tu mti ungewalipa.

Ya pili ni kubwa na ya mara moja kwa mwaka. Kule Tamil Nadu, kusini mwa India, asumini ni zao la biashara linalopandwa mashambani, na Novemba ikielekea mwisho wakulima huvikata vichaka vyote hadi kimo cha sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini. Kabla ya kukata husitisha maji kwa muda ili mti utulie. Ifikapo Machi vichaka vimejaa matumba, na uchumaji huendelea kwa miezi mingi.

Tarehe zao si zetu, lakini mantiki ni ile ile: kata mti ukiwa umepunguza kasi, ili machipukizi yakutane na maji na joto. Kwenye pwani yetu kasi hupungua wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Ukikata mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, machipukizi yatakutana na mvua za vuli, na maua yatakuja na joto la kaskazi. Kukata katikati ya masika nakukataza, kwa sababu kidonda kinachonyeshewa kila siku kinakaribisha kuvu.

Anza na vijiti vilivyokauka, vyembamba mno na vinavyosuguana, vitoe kabisa. Kisha shusha matawi makuu hadi karibu na goti, kwa kisu au mkasi mkali uliosafishwa, ukikata kwa mshazari juu ya jozi ya macho. Mti utabaki kama umenyolewa, na wakati huo ndipo wengi hujuta na kuanza kuumwagia maji na samadi. Uache. Maji ya kadiri tu hadi macho yaanze kuvimba. Kama moyo wako haukubali kuukata mti wa marehemu bibi yako kwa siku moja, kata theluthi ya matawi mwaka huu, theluthi nyingine mwaka ujao, na iliyobaki mwaka wa tatu. Ni njia ndefu, ila inafika.

Jua na chakula

Kuhusu jua sina mengi. Mwasumini unataka saa sita za jua la moja kwa moja, au zaidi. Chini ya mwembe, au nyuma ya nyumba panapopata mwanga wa asubuhi tu, utaishi miaka na miaka bila kukupa kitu. Dalili ni pingili: zikiwa ndefu, na jozi ya majani iko mbali na jozi nyingine, mti unanyoosha shingo kutafuta jua. Uhamishe kabla hujafikiria jambo jingine lolote.

Kuhusu mbolea, kosa kubwa ni kudhani kuwa chakula ni chakula. Naitrojeni hujenga majani na vijiti, ilhali fosforasi na potasiamu zinahitajika zaidi kwenye mizizi na maua. Mapendekezo yanayotolewa kwa wakulima wa asumini wa Tamil Nadu ni kilo 10 za samadi iliyooza kwa kila kichaka kwa mwaka, pamoja na gramu 60 za naitrojeni, 120 za fosforasi na 120 za potasiamu, zikigawanywa mara mbili: baada ya kukata, na tena katikati ya msimu. Mti wako wa barazani hauhitaji kiasi hicho, na kwenye chungu ungeuunguza. Kinachofaa kuigwa ni uwiano: naitrojeni ni nusu ya vile viwili vingine. Sasa linganisha na mtu anayeweka yuria peke yake, au samadi mbichi ya kuku yenye naitrojeni kali, kila mwezi. Ameugeuza uwiano juu chini, na mti unamjibu kwa majani.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa miezi ikaoza hadi haina harufu, ikichanganywa na mboji ya majani, ndiyo chakula kizuri cha nyumbani. Weka baada ya kukata, na kidogo tena katikati ya msimu wa maua. Tandaza mbali kidogo na shina, funika na majani makavu, mwagilia.

Majani kuwa ya njano

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu njano moja ina sababu nne tofauti na kila moja ina dawa yake.

Tazama kwanza njano imeanzia wapi. Ikianza kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, na jani zima limepauka, mti una njaa ya naitrojeni. Huyo ndiye anayestahili samadi zaidi. Ikianza kwenye majani machanga ya juu, na jani limekuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani kama ramani, hiyo ni njaa ya chuma. Kama majani ya juu na ya chini yanapauka na kuanguka huku udongo umelowa siku zote, mizizi inakosa hewa na inaoza. Na kama jani ni kijani katikati lakini kingo zimeungua na kuwa kahawia, shaka kubwa ni chumvi.

Njaa ya chuma ni ugonjwa wa pwani yetu hasa. Sehemu kubwa ya Mombasa, upande wa mashariki wa Unguja na maeneo mengi ya ufukweni yamekaa juu ya matumbawe ya kale, ambayo ni chokaa. Chokaa huupandisha udongo kipimo cha pH, kinachozidi kadiri tindikali inavyopungua, na pH ikipita 7.5 hivi, chuma kilichomo hubadilika kuwa katika hali ambayo mizizi ya mwasumini haiwezi kukinyonya. Udongo unaweza kuwa na chuma tele, na mti ukafa njaa juu yake.

Wazanzibari wana majina yao ya udongo na yanasaidia sana hapa. Uwanda, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, ndio mgumu kuliko wote kwa mwasumini. Kinamo, udongo mzito unaoshika maji, huozesha mizizi. Kinongo, ule mwekundu wenye kina unaopitisha maji, ndio unaofaa. Aliye kwenye uwanda asishindane na ardhi: ajenge kitalu cha kuinuliwa kwa matofali au atumie chungu kikubwa, ajaze kinongo na mboji, na kila mwaka aongeze mboji juu, kwani kadiri inavyooza ndivyo inavyopunguza ukali wa chokaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, majivu ya jikoni yasimwagwe kwenye mwasumini wa pwani. Najua desturi hiyo ni ya zamani, na majivu yana potasiamu kweli, lakini yanapandisha pH kama chokaa inavyofanya. Bara kwenye udongo wenye tindikali majivu yanaweza kufaa. Juu ya matumbawe ni kuongeza tatizo. Maganda ya mayai nayo ni chokaa tupu.

Mti ukiwa umeshapauka, tiba ya haraka ni kunyunyizia majani salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, asubuhi mapema au jioni, ukirudia kila mwezi hadi majani mapya yatoke kijani. Angalia isiruke ukutani wala kwenye nguo, madoa yake ni ya kutu na hayatoki. Dukani pia kuna chuma cha kuweka ardhini. Kwenye udongo wa chokaa tafuta kilichoandikwa EDDHA. Kile cha EDTA hushindwa kazi pH ikiwa juu.

Chumvi nayo mara nyingi huletwa na sisi wenyewe, kutoka visimani. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na hata yasipochacha mdomoni, chumvi hiyo hujikusanya kwenye chungu mwezi baada ya mwezi. Kinga maji ya mvua, na kila wiki kadhaa uoshe udongo wa chungu kwa maji mengi yasiyo na chumvi hadi yatiririke chini.

Umwagiliaji wenyewe hauna siri. Mwagia maji mengi yafike kwenye mizizi, kisha subiri hadi udongo wa juu, kiasi cha pingili moja ya kidole, ukauke. Kikombe kimoja kila jioni ni kibaya, kwa kuwa huilowesha mizizi ya juu tu na ya chini ikakaa na kiu.

Kuuzidisha mti, na wadudu wake

Aina zinazopandwa kwetu ni nadra kutoa mbegu, hivyo mwasumini huzidishwa kwa vijiti. Chukua kijiti kisicho kichanga wala kikongwe, chenye unene wa penseli au pungufu kidogo na urefu wa sentimita 12 hadi 15, chenye pingili mbili tatu. Ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, na kifunike na nusu ya chupa ya plastiki ya maji ili unyevu usipotee. Kwa kawaida mizizi huonekana baada ya wiki nne hadi sita. Masika, ambayo nimesema si wakati wa kukata sana, ni wakati mzuri wa kuchomeka vijiti. Njia ya uhakika zaidi ni kulaza tawi la chini ardhini, kulikwangua kidogo ganda upande wa chini, kulifukia na kuliwekea jiwe. Likishatoa mizizi unalitenga na mama yake.

Wadudu wa kuhangaika nao si wengi. Vile vidogo vyeupe kama pamba kwenye makwapa, wadudu gamba na nzi weupe hunyonya utomvu na kuacha utelezi mtamu ambao huota masizi meusi na kuita sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, tafuta juu wanachokifuata. Maji yenye sabuni kidogo, yakipulizwa hadi chini ya majani jioni na kurudiwa baada ya wiki, hutosha mara nyingi. Utitiri huja wakati wa kiangazi kikavu na kuyafanya majani yawe kama yametiwa vumbi lenye utando. Huyo hapendi kuoshwa, mpigie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Matumba yakigeuka zambarau na kuwa na kitundu, ndani kuna kiwavi. Yachume yote na kuyachoma, yasiachwe chini ya mti.

Saa ya kuchuma

Asumini huchanua jioni. Weupe wake na harufu yake ya usiku ni mwaliko kwa nondo, na harufu hasa huachiliwa tumba linapofunguka, si kabla. Ndiyo sababu tumba huchumwa likiwa bado limefunga, baada ya alasiri. La kesho bado lina ukijani na ni gumu kidogo. La leo limekuwa jeupe kabisa, limevimba, na ncha yake imelegea kidogo tu. Likitungwa saa hiyo, litafunguka kati ya magharibi na isha likiwa tayari kifuani au kwenye nywele za mwenyewe. Wachina wanaotia chai yao harufu ya asumini hufuata saa hizo hizo: matumba huchumwa mchana, huchanganywa na majani ya chai, na usiku yanapofunguka chai hunywa harufu. Ua lililochumwa asubuhi limeshatoa sehemu kubwa ya nguvu yake, na likikaa huanza kuwa na rangi ya waridi iliyofifia. Matumba usiyatie maji. Yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, yakae mahali pa baridi hadi yatungwe.

Nje ya pwani

Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu, mwasumini unaishi ila Juni hadi Agosti unasimama kabisa. Uweke kwenye chungu kando ya ukuta unaopata jua la mchana, kwa sababu ukuta hutunza joto hadi usiku, na ukate baridi inapoanza kuondoka. Kwa Waswahili walioko Ulaya na Amerika Kaskazini chungu ni lazima, maana baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 mti unaumia, na barafu huuua. Kuanzia Mei hivi ukae nje juani. Septemba uingie ndani, dirishani penye mwanga mwingi kuliko kote nyumbani. Majani machache yataanguka wiki za kwanza kwa kubadilishiwa mwanga, na hiyo si njaa, kwa hiyo usiupe mbolea hadi majira ya kuchipua. Maji yapungue, na chungu kisikae juu ya kipasha joto, kwani hewa kavu ya hapo ndiyo inayoleta utitiri. Machi, siku zikianza kurefuka, ndipo ukate.